Tulikwenda Rotterdam Kutembea

Harufu ya mafuta ya mashine juu ya mbao zilizolowa si harufu ya Ibra, mji wetu kule Oman. Hata hivyo hunijia mara moja moja, hasa fundi anapofungua pampu ya maji pale shambani kwetu, na papo hapo nakuwa na miaka kumi. Nakuwa nimesimama juu ya ngazi za mbao zinazoteremka zenyewe chini ya mto wa Rotterdam, mkono mmoja nimeshikwa na Baba, wa pili na Ami Seif, mdogo wake. Ngazi zinalia kama kitanda kikuukuu, kuta zina vigae vya manjano, na baridi inapanda kutoka chini ingawa juu wenyeji wanasema ni kiangazi. Miaka ya themanini ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Wenzangu wa darasani walikuwa wamebaki Ibra na joto lao, wanakula tende zilizoivia mtini, na mimi walinionea wivu kwa kwenda Ulaya. Laiti wangejua nilikuwa nimebeba nini mdomoni.

Bibi, mama yao Baba na Ami Seif, alikuwa amefariki wiki chache kabla ya shule kufungwa. Ndiye aliyenilea. Alirudi Oman kutoka Unguja pamoja na sisi, akakaa Ibra kama mgeni katika mji wa babu zake mwenyewe, analalamikia vumbi na kusifu mvua za kwao. Ami Seif hakurudi nasi. Alikuwa baharia tangu ujana wake, aliondoka Unguja kabla ya Mapinduzi, na mwisho meli zilimwacha Rotterdam, akapata kazi bandarini. Ibra hakuwahi kuiona. Kila mwaka alisema atakuja mwakani, na kila mwaka Bibi aliamini. Hakuna mtu wa kwetu aliyekwenda Ulaya, awe mwanafunzi au mgonjwa, asipewe na Bibi chupa ya achari ya ndimu ampelekee mwanawe. Alipofariki, wakubwa walikaa wakaamua kwamba Seif asipigiwe simu. Kwetu aliye peke yake ugenini hapewi habari ya msiba hivi hivi. Huambiwa mgonjwa, huambiwa njoo, huzungushwa mpaka awe na mtu pembeni yake. Baba alisema simu haiwezi kumshika mtu bega, atakwenda mwenyewe. Nami nikachukuliwa kwa sababu Mama aliona mtu akiwa na mtoto haulizwi sana. Nilifundishwa maneno ya kusema: Bibi hajambo, anakusalimu, sisi tumekuja kutembea tu.

Mama alifanya na lake. Alitengeneza achari mwenyewe kwa kufuata mkono wa Bibi, ndimu zile zile, pilipili ile ile, akaijaza chupa. Kisha akafungua sanduku la marehemu, akatoa ile kanga moja aliyokuja nayo kutoka Unguja, akachana kipande na kukifunga juu ya kizibo. Alitaka Ami aisikie harufu ya udi ya mama yake, ili asishuku. Nilimwangalia akichana na moyo ukaniuma. Nilikuwa mtoto, na nyumba nzima ilikuwa ikilia chini chini.

Ami Seif alikaa katika chumba kimoja, juu ya ngazi nyembamba zilizosimama wima hivi kwamba Baba alipanda kwa mikono na miguu. Alikuwa mrefu, mwembamba, nywele zimeanza mvi, na Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja ya zamani, hakijaguswa na kitu. Alimwamkia Baba shikamoo na kumbusu mkono, wakashikana muda mrefu. Kahawa ikapikwa, halwa tuliyokuja nayo ikafunguliwa. Desturi yetu ya Oman ni kuwa mgeni akishakunywa kahawa huulizwa ulumu, yaani habari, na jibu la kwanza ni salama, hata kama ametoka kuzika asubuhi ile. Yenye uzito hufuata baadaye. Ami, ambaye Oman hakuijua, desturi hiyo aliijua. "Haya Kaka, nipe ulumu za nyumbani," alisema. Baba akajibu, "Salama, hakuna ila kheri." Nami nikayamwaga yangu yote kwa pumzi moja kama kasuku, Bibi hajambo, anakusalimu. Ami akaipokea chupa. Alikifungua kile kitambaa taratibu, akakiweka puani, akakaa nacho hivyo mpaka kahawa ya Baba ikapoa. Kisha akaonja achari na kusema, "Mkono wa mama ule ule." Akakikunja kitambaa na kukitia mfuko wa koti. Baba alishusha pumzi, nami nikadhani mambo yamekwenda vizuri.

Tangu kesho yake akaanza kututembeza. Kwa kuwa tulisema tumekuja kutembea, basi alitutembeza kwelikweli, kama mtu aliyelipwa. Alitupandisha mnara mrefu ambao juu yake Baba alishika chuma na kukataa kutazama chini. Alitutia katika mashua ya kuonyesha wageni bandari, tukapita chini ya meli zilizozidi urefu wa msikiti wowote niliouona, kreni zikinyanyua makontena angani, moshi na ukungu havitengani. Alituonyesha katikati ya mji, majengo ya vioo na barabara pana, akatuambia mji wa zamani uliungua wote kwa mabomu ya vita, wenyewe wakajenga upya. "Hapa hakuna mtu atakayekuuliza nyumba ya babu yako iko wapi," alisema, na nilikumbuka majumba yetu ya udongo kule Ibra yanayoporomoka bila wenyewe. Sokoni alinunua samaki mbichi na vitunguu, akamshika mkia na kumteremsha kooni hivi hivi. Baba aligeuza uso, akasema, "Seif, wewe ushakuwa paka." Ndiyo mara pekee nilipowasikia wakicheka pamoja.

Lakini mbele ya kila kitu, mnara, meli, hata tramu, Ami alisema neno lile lile: "Hiki mkamsimulie mama." Alinishika kidevu na kunifundisha namna ya kusimulia, nisisahau rangi, nisisahau upepo. Mkono wake wa pili ulikuwa mfukoni mwa koti. Mimi nikiitikia naam Ami. Nilikuwa na huzuni, na zaidi ya huzuni nilikuwa na hasira, kwani kila jioni Baba alisafisha koo kutaka kusema, na kila jioni Ami alisimama ghafla kuchemsha maji, au kutafuta ramani ya kesho. Baba alizidi kukonda. Safari ya kurudi ikakaribia, na maneno yaliyotupeleka yalikuwa bado hayajatoka.

Siku ya mwisho ndipo tulipokwenda kwenye zile ngazi za mbao. Chini kuna njia ndefu ya waenda kwa miguu, mto mzima uko juu ya vichwa vya watu, na kila hatua inarudi na mwangwi. Tulipofika katikati Baba alisimama. Aliniachia mkono, akamshika Ami bega. "Ndugu yangu," alianza.

"Usinambie, Kaka," Ami alisema. "N'najua tokea siku ya chupa. Ile kanga mama alikuwa hanipi hata kujifunika nikiwa na homa. Leo aichane afungie achari? Aliyeichana kaichana mwenyewe hayupo."

Baba akaanza kumwomba radhi. Ami akatikisa kichwa. "Nikusamehe nini? Umefanya kama wanavyofanya watu. Mimi wallahi nilizitaka siku hizi. Kila nilichokuonyesheni nilikuwa namwonyesha yeye. Ukishasema, basi, sina tena wa kumwonyesha." Wakakumbatiana pale chini, waenda kwa miguu wakitupita. Nililia kwa sauti, kilio changu cha kwanza tangu Bibi afe, kwani Ibra niliambiwa nisilie, nisije nikazoea nikalia mbele ya Ami.

Ami Seif hakuja Ibra. Alisema hana tena wa kumchelewea. Alituandikia, kisha akatupigia simu, kisha, dunia ilipobadilika, akatutumia picha za bandari kila Ijumaa. Mwaka jana nilikuwa dukani nikichagua nyanya, simu ikalia, nikaiona picha ya jeneza kabla sijasoma maneno. Mtu wa msikitini kwa Ami Seif, Mungu amlipe, alikuwa ameituma kwa ukoo mzima kwa kidole kimoja. Nikaziacha nyanya juu ya mizani. Baba sasa ni mzee sana na halioni vizuri jua la adhuhuri, na wajukuu humsomea kila kinachoingia. Niliendesha gari kama mwehu. Nilipofika niliwanyang'anya watoto simu, nikawakuta hawajasema, au waliniambia hawajasema. Nikakaa karibu na Baba, nikamtilia kahawa. Akauliza ulumu. Nikamwambia salama, hakuna ila kheri.

Kabla ya hapo hapakupita jioni asiniulize, "Seif hajambo?" Tangu siku ile hajaniuliza tena. Huniambia tu, "Salma, nitembeze Rotterdam kidogo." Nami namtembeza. Nampandisha mnara, nampitisha chini ya meli, namlisha yule samaki mbichi mpaka anatabasamu, nampa rangi na upepo kama nilivyofundishwa. Kisha tunateremka zile ngazi za mbao, tunaanza kutembea chini ya mto. Tukikaribia katikati hunishika mkono, na vidole vyake vina nguvu bado.

"Basi, mwanangu," husema. "Hapo panatosha. Turudi juu."