Jina la Mungu Kabla ya Risasi

Binti yangu aliponipigia simu kunialika mawindoni, sikumuuliza ni lini wala ni wapi. Nilimuuliza huyo mnyama ananukaje. Ndivyo nilivyo. Nikiambiwa jambo geni natafuta pa kulishikia, na mimi hushika kwa pua na kwa maswali. Akacheka, akanijibu kwa Kiswidi, kama anavyonijibu tangu alipoanza shule, kwamba älg ananuka msitu uliolowa mvua.

Älg ni mnyama wa huku, wa jamii ya kulungu, ila mrefu kuliko farasi, mwenye pua nene iliyolegea na miguu ambayo huamini kwamba inambeba. Kila vuli Waswidi huingia msituni kumwinda. Nimeishi Stockholm miaka mingi, nimewauguza wazee wao, nimekula samaki wao wa siki na kuomba waniongeze, lakini habari hii ya bunduki na msitu nilikuwa nimeipita kando. Binti yangu ndiye aliyeniingiza. Alizaliwa hapa, akakulia kwenye ghorofa yetu Norsborg, kitongoji cha Stockholm, nasi tukidhani atasomea uuguzi kama mama yake. Akasomea ng'ombe. Sasa anafanya kazi kwenye ranchi ya mume na mke wa makamo, mwendo wa saa moja na kitu kutoka mjini. Wanafuga ng'ombe wa nyama, na kiangazi hupokea wageni wanaotaka kupumzika mbali na lami. Kazi ya binti yangu ni kuwapandisha farasi na kuwapeleka ziwani kuvua samaki ambao wageni wengi huogopa kuwashika. Mwaka jana akafanya mtihani wa uwindaji, akafaulu, akapata kibali cha bunduki. Mimi niliambiwa mambo yakiwa yameshakwisha.

"Safari hii nitakaa na bunduki mwenyewe kwa mara ya kwanza," akasema kwenye simu. "Nikipata, nataka ule, mama."

Hapo maswali yaliniishia. Kila nilipokwenda kumtembelea ranchi nilibeba chakula changu kwenye kontena, kwa sababu nyama ya wenyeji wake sikujua imechinjwaje. Wenyeji hawakuona vibaya. Aliyeumia ni yeye, na nilimwona anavyoumia: meza moja, mama na kontena lake, mtoto na sahani yake, kila mtu akitazama chakula chake. Nikamwambia nitakula, mradi ataje jina la Mungu kabla ya kufyatua. Mwindaji akitaja jina, risasi ndiyo kisu chake. Hilo nilifundishwa madrasa kule Tanga, ingawa mwalimu wetu alikuwa anazungumzia mishale na mbwa, wala hakuwahi kumwazia msichana wa Norsborg.

"Vi får se," akasema. Tutaona.

Jibu hilo lilinikaa rohoni. Sikujua kama mwanangu bado anaswali. Mimi ninayeuliza bei ya nyanya hata kama sinunui, swali hilo nililiogopa.

Jirani yangu Mkongomani, ambaye husukana nami nywele, aliposikia safari yangu aliweka kitana chini. "Mais mama, mutoto iko na fusil, na weye unaenda kuikala pembeni yake? Attention, basikufananishe na nyama!" Tukacheka mpaka machozi. Kisha akaniuliza nitavaa nini, nami nikaona swali hilo lina maana. Ninakwenda kwa watu waliompokea mwanangu. Siwezi kwenda hovyo. Nikafua koti langu, sweta na mtandio, nikavitundika juu ya chetezo na kuvifukiza udi, ule mzuri ninaouweka kwa ajili ya harusi. Nikatoka nikiwa nanukia mpaka kwenye lifti watu wakageuka.

Binti yangu alikuja kunichukua na gari lenye manyoya ya mbwa kila kiti. Alishusha kioo.

Kwenye ua wa ranchi walikuwa wamekusanyika wawindaji, majirani wanaume kwa wanawake, wote na vizibao vya rangi ya chungwa, wakinywa kahawa kwenye vikombe vya plastiki. Mwenye ranchi ndiye aliyeongoza. Alieleza nani atakaa wapi na mbwa ataanzia upande gani. Kisha akarudia sheria ambayo kila mtu aliijua isipokuwa mimi: akitokea mama na ndama wake, anapigwa ndama kwanza. Mama haguswi kabla ya ndama.

Nikainua mkono kama mwanafunzi. "Kwa nini mtoto kwanza?"

Wakanigeukia. Hawakuudhika, nadhani walikuwa hawajaulizwa muda mrefu. Mwenye ranchi akasema ndama wa mwaka huu hajui majira ya baridi. Ukimuua mama yake, atazunguka peke yake mpaka theluji immalize. Mama aliyepoteza mtoto ataumia, lakini ataishi. Nilielewa kila neno, na bado moyo wangu ulikataa.

Alikuja karibu kunipa mkono. Kabla hajaufikisha akasimama, akavuta pumzi, akamtazama binti yangu. Akatoa mfukoni kichupa cha unga mweupe, akakiminya, unga ukapeperuka kuelekea msituni. Ndivyo wanavyoutafuta upepo.

"Unanukia vizuri sana," akaniambia. "Tatizo ndilo hilo."

Älg, akaeleza kwa upole, hunusa mtu kabla hajamwona. Binti yangu alikuwa amepangiwa mahali pazuri, penye njia ya wanyama katikati ya msitu, na mimi nilikuwa nakaribia kuwafukuza wote kwa udi wangu. Akatuhamishia pembeni, kwenye mpaka wa malisho, ambako upepo ungeipeleka harufu yangu kwa ng'ombe. Bwana mmoja akasema hapo hajawahi kupita mnyama ila sungura, wengine wakacheka. Binti yangu masikio yalimwiva. Aliisubiri siku hiyo mwaka mzima, na mama yake alikuwa ameiharibu kwa kujipendezesha. Nilitamani kuvua lile koti nilitupe, nikae na baridi yangu.

Mahali petu palikuwa na mnara mdogo wa mbao wenye ngazi. Nilipanda nikisoma kila dua niliyoijua. Juu kulikuwa na ubao wa kukalia, tukakaa bega kwa bega, bunduki magotini mwake, kifaa cha redio sikioni. Nilikatazwa kusema na kukohoa. Kwangu hiyo ni adhabu. Nilitaka kujua yule ndege mweusi ni nani, na kwa nini ng'ombe wote wamelala upande mmoja, na mbwa anajuaje kwamba leo anatafuta älg na si sungura. Nikameza maswali yote, nikabaki na kazi moja tu niliyojipa, kutazama midomo ya mwanangu. Nilijua akilitaja lile jina atalitaja kwa kunong'ona, na nilitaka nilione likitoka.

Mbwa akabweka mbali, kisha karibu. Binti yangu akagusa redio, akaniwekea mkono gotini. Vijiti vikavunjika kwenye miti.

Na hapo nikaharibu tena, maana alitoka mama älg. Sikuwahi kumwona mnyama kama yule. Mwili ni mweusi wa kahawia, miguu karibu myeupe, anatembea bila haraka kama mtu aliyezoea kupishwa. Nyuma yake ndama, mwekundu kidogo, masikio makubwa yasiyotulia. Nikasahau midomo. Nilikuwa nimezama kwenye ile pua, nikijiuliza anaitumiaje, mlio ulipopasua masikio yangu.

Ndama akapiga hatua chache, akaanguka. Mama yake akaruka, akasimama, akageuka. Alisimama muda mrefu anamtazama. Alikuwa wazi kabisa mbele yetu, ubavu wote. Nikamgeukia binti yangu, na nikaona ameshafunga kitufe cha usalama cha bunduki na kuielekeza juu. Hakupiga tena. Mama älg akaingia msituni polepole, nami nilikuwa nalia bila kujua nilianza saa ngapi.

Tuliposhuka, ndama alikuwa amekwisha kufa. Binti yangu akachomoa kisu akamtoa damu, mikono thabiti, anajua anachofanya. Mwenye ranchi akafika, akavua kofia, akavunja kitawi cha msonobari na kukiweka mdomoni mwa yule ndama. Ni tonge lake la mwisho, akaniambia. Baba yake alifanya hivyo, na yeye anafanya hivyo. Akampa binti yangu mkono, akampongeza, kisha akaenda kuleta trekta.

Tukabaki wawili. Nikamuuliza.

"Ulitaja?"

Angeweza kusema ndiyo. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa pale, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekodolea macho pua ya mnyama. Alifuta kisu kwenye nyasi, akakifuta tena kikiwa kimeshakuwa safi.

"Nilisahau, mama," akasema kwa Kiswahili. "Nilikuwa nimejiandaa. Nimelirudiarudia garini njia nzima nilipokuwa nakuja kukuchukua, maana niliogopa ulimi utanikwama. Halafu nikamwona ndama, nikawaza tu nimpige vizuri asiteseke, likanitoka akilini. Basi ndiyo hivyo. Hutakula."

Sisi watu wa pwani tumesomeshwa kwamba aliyesahau hana lawama na nyama yake inalika. Ningeweza kumwambia hilo, na baadaye nilimwambia. Lakini pale sikuwa nawaza vitabu. Nilikuwa namwona mwanangu peke yake kwenye barabara kuu, mikono kwenye usukani, analirudia jina la Mungu ili mama yake apate kula kwake. Miezi yote nilikuwa nikiogopa kwamba limekwisha kinywani mwake. Mtu hasahau asichokikusudia. Nilifurahi mpaka nikaona aibu kufurahi mbele ya yule ndama.

"Ini lake," nikasema, "linaliwa leo au linangoja?"

Akanitazama kuhakikisha kwamba simtanii.

"Leo," akasema. "Linaliwa leo leo."