Chipu ya Jumapili

Makau alipotuundia ubao wa namba za nyimbo, kanisa letu la Kangemi bado lilikuwa na bati linalovuja. Namba iliwaka nyekundu ukutani, nasi tukafungua vitabu. Ilikuwa hivyo miaka ishirini. Mwaka 2006 ubao ulizima, na wazee wa kanisa wakasema usipowaka Jumapili ijayo utang'olewa, tusomewe namba kwa mdomo. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa na mke na wajukuu. Makau hakuwa na kitu kingine ambacho watu walikihitaji kutoka kwake.

Kilichoharibika ni chipu moja, 7447, ile inayogeuza hesabu kuwa tarakimu za kuonekana. Aliitafuta River Road siku tatu. Duka moja lilikuwa na za kisasa, vijidude vya kubandikwa juu ya bodi. Ubao wake ulitaka ile ya zamani, yenye miguu kumi na sita ya kuingia matunduni. Duka la mwisho walitaka kumpa nyingine kabisa.

"Mzee, hiyo hakuna siku hizi. Beba 7448, ni kitu moja tu."

"Si moja," Makau akasema. "Hii inawasha mahali ile inazima."

Akarudi nyumbani mikono mitupu. Kando ya kitanda kulikuwa na saa aliyomtengenezea mkewe Kavata alipougua, aone wakati wa dawa bila kuinuka. Kavata alikuwa na miaka minne kaburini, na saa ile haikuwa imewahi kuzimwa. Ndani yake kulikuwa na 7447.

Aliniambia aliikodolea macho mpaka chai ikapoa. Kisha akachomoa waya ukutani.

Jumapili namba 64 ikawaka. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Tulifungua vitabu tu. Iliniuma, nikakasirika.

Ibada ilipoisha nilikuwa nikimimina chai. Nikamwona amepanda kiti, anaing'oa chipu taratibu kwa bisibisi. Yeye huzipachika kwenye soketi, hazichomelei, kwa hiyo hutoka nzima. Akailaza juu ya kipande cha sponji ndani ya kiberiti. Tangu siku hiyo hufanya vivyo hivyo kila Jumapili.

"Mzee Makau, si ukunywe chai kwanza?"

"Siwezi, Phoebe. Kavata hana saa."

Nilikuwa kwenye mazishi ya Kavata, lakini sikumbishia. Nilimfungia mandazi mawili, akaenda.