Mjomba Alisikiliza Mahindi

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na dakika ishirini jioni, nilipopewa ile karatasi. Nakumbuka saa kwa sababu nilikuwa ndiyo tu nimefika nyumbani Mautuma na sanduku langu la shule, likizo fupi imeanza, na mwalimu aliyenifundisha shule ya msingi alikuwa ameketi kwenye kiti cha mjomba akiangalia saa yake, kana kwamba nimemchelewesha.

"Kesho ni kumbukumbu ya mjomba wako," akaniambia. "Miaka mitatu. Wewe ndiye msomi wa boma hili, utasimama useme angekuwa wapi leo. Nimekuandikia. Kazi yako ni kusoma tu."

Nikasema asante. Mimi ndivyo nilivyo, nikikasirika nasema asante.

Nilienda kuisoma nyuma ya stoo. Kumbe mjomba, kama angeishi, leo angekuwa Nairobi, kwenye televisheni. Angekuwa amerudi chuoni "kama alivyoshauriwa na mwalimu wake." Angekuwa amemjengea mamake nyumba ya mawe. Chini kabisa, kwa kalamu nyingine, mwandiko wa mchungaji wetu: na angekuwa ameokoka, akaacha mzaha. Wamemtengenezea maisha mazuri ambayo yeye mwenyewe hayumo. Na wanataka niyasome kwa mdomo wangu, mbele ya watu, ndipo yawe kweli.

Wacha nikupeleke ndani ya hiyo stoo, ndipo utajua kwa nini sikulala vizuri.

Mjomba alikuwa kitinda mimba wa nyanya yangu, ambaye sisi sote tunamwita kukhu. Nilipokuwa darasa la tano, la sita, kazi yangu ya jioni ilikuwa kupukuchua mahindi. Mvua ya saa kumi ikipiga mabati, stoo inanuka magunia na vumbi, mfukoni nina kiazi kitamu cha mchana, na kidole gumba kimeota sugu. Mjomba aliitwa kwenye harusi na harambee kuchekesha watu, lakini kila kichekesho alikijaribu kwangu kwanza. Alikuwa anageukia ukuta, gunzi mkononi ndiyo maikrofoni, mimi nimekaa nyuma yake na karai.

Nilimwuliza kwa nini haniangalii. "Nikuangalie nione nini?" akasema. "Uso wako ni kama mlango wa benki Jumapili. Mimi nasikiliza mahindi."

Na ni kweli alisikiliza. Kichekesho kikiwa kibaya, punje ziliendelea kudondoka kwenye karai, kwa-kwa-kwa, naye alikuna kichwa akaanza upya. Kikiwa kizuri, mikono yangu ilisimama yenyewe. Stoo ikinyamaza, alijua Jumamosi watu watashika mbavu. Sijawahi kucheka kwa sauti maishani mwangu, lakini kuna mtu mmoja alijua ninavyocheka.

Kukhu hakuwahi kuja kusikiliza. Alisema mwanamume anayeiga wakubwa hatapata mke.

Mwaka wake wa mwisho alikuwa anatengeneza kichekesho cha watu wanaohutubu matangani. Kulikuwa na mmoja anayeshika koti hapa kifuani na kusema, "Marehemu nilimfundisha mimi mwenyewe," kisha anaeleza alivyoajiriwa, alivyohamishwa, alivyopandishwa cheo, mpaka anainama kumwuliza jirani yake, "Kwani leo tunazika nani?" Hapo mahindi yalinyamaza hadi mjomba akageuka kuona kama niko.

Hakuwahi kukifanya mbele ya watu. Malaria, siku nne. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Hata yeye nimemkasirikia: alikataa kwenda hospitali kwa sababu Jumamosi alikuwa na harusi. Na kwenye mazishi yake mwalimu alisimama, akashika koti hapa kifuani, akaanza, "Marehemu nilimfundisha mimi mwenyewe." Nakuapia. Niliuma mkono wa sweta yangu mpaka ukatoboka. Watu walidhani nalia.

Sasa uniulize mimi angekuwa wapi. Angekuwa hapa hapa. Angekuwa amepata kipindi redioni, akafukuzwa kwa kumwiga mkubwa wake, akarudi akaanza kujirekodi kwa simu ndani ya stoo, kuku wakipita nyuma yake. Siku zingine angechekesha vibaya na watu wangeendelea kula. Angeota kitambi. Akiwa na miaka hamsini angekuwa bado anagombana na kukhu, na angekuwa ananiiga ninavyoomba ruhusa darasani kwa sauti ambayo hata dawati langu halisikii. Hiyo ndiyo kazi waliyoizika. Wakiizika tena kesho, itakuwa kwa sauti yangu.

Asubuhi yake, kabla jua halijatoka, kukhu aliniamsha tupukuchue mahindi ya kupeleka kwa mashine, maana wageni watataka obusuma, ugali wetu. Tukakaa stoo, karai katikati.

"Hiyo karatasi umeishika vizuri?" akauliza.

"Sitaisoma, kukhu. Si yeye."

Punje zikaendelea kudondoka. Kisha akasema, "Kwani alikuwanga anasema nini humu ndani?"

Nikachukua gunzi. Nikageukia ukuta, kwa sababu nikimwangalia mtu sauti yangu hukauka. Nikamfanya mwalimu, na koti. Mahindi kwa-kwa-kwa. Nikamfanya mchungaji anayeombea chakula mpaka kinapoa. Kwa-kwa-kwa.

"Na mimi?" kukhu akasema nyuma yangu. "Mimi hakuniiga?"

"Alikuiga."

"Fanya."

Nikaogopa, lakini nikafanya. Kukhu akiita kuku alfajiri kwa sauti ya asali, "Tu-tu-tu, njooni, mama, njooni wazuri wangu," kisha akigeukia dirisha la mjomba kama anafukuza mwizi, "Wewe! Umekufa huko?" Halafu asali tena, "Tu-tu-tu, mama."

Stoo ikanyamaza. Nilisubiri. Hakuna hata punje moja iliyodondoka.

"Kila asubuhi nilimwambia hivyo," kukhu akasema.

"Kila asubuhi. Na kila asubuhi alikuwa ameshaamka, amejilaza tu akingoja ufike hapo," nikasema.

Akapangusa uso kwa leso. Akachomoa ile karatasi mfukoni mwangu, akaenda kuwashia jiko nayo.

Saa nne jina langu lilipoitwa, nilisimama mikono mitupu. Mwalimu alikuwa mstari wa mbele, tayari kunikumbusha maneno. Niliwageuzia mgongo wote, nikatazama ukuta wa nyumba. Nikaanza kwa kumwiga kukhu, kisha nikashika koti ambalo sikuwa nalo.