Mzimu wa Fulana Nyekundu

Mwanapili wa Makangale aliachwa na mumewe mwaka mmoja, akaachwa na mihogo yake mwaka uliofuata. Mume alichukuliwa na mke mwengine, wa Madungu kule Chake. Mihogo ilichukuliwa na nguruwe. Ukimuuliza kipi kilimuuma zaidi, hakufichi: mihogo.

Shamba lenyewe alilirithi kwa mamake, yeye na kaka yake. Liko pembezoni kabisa, mwisho wa nyumba na mwanzo wa msitu wa Ngezi, mahali ambapo nguruwe mwitu akitaka kuja kula hahitaji hata nauli. Msimu wa kwanza walifukua nusu. Msimu wa pili wakafukua lote, matuta yakawa kama uwanja uliochezewa mpira na matrekta. Ndipo kaka yake, Hamad, mchuuzi wa samaki wa Tumbe, alipompigia simu.

"Mwanapili, ukivuna matope mara ya tatu, shamba tunaliuza. Utakuja kukaa kwangu. Kazi ipo, samaki wa kupaa magamba hawaishi."

"Kaka, mie si paka uniite kwa samaki."

Alijibu hivyo kwa kucheka, lakini simu ilipokatika alikaa kitako juu ya tuta, au pale palipokuwa na tuta. Hamad si mtu wa kutania mambo ya shamba. Mwanapili alijiona tayari yuko Tumbe, magamba mpaka kwenye nyusi, anaitwa shangazi na watoto wanaomuuliza ataondoka lini.

Dawa ya nguruwe ni msako. Kila mwaka kabla ya masika, wasasi wa Makangale wakishapata ruhusa ya watu wa misitu, hukusanya mbwa, nyavu na marungu, wakapiga msako mmoja mkubwa nje ya mpaka wa hifadhi. Mmoja tu, kwa sababu kuwakusanya wanaume wote siku moja ni kazi kuliko kumkamata nguruwe. Upande wa kusakwa huchaguliwa na Mzee Soud, mkuu wa wasasi. Na kwa miaka yote ya ukuu wake, kwa bahati ya ajabu, nguruwe wamekuwa upande wa magharibi, lilipo shamba lake.

Mwanapili alimfuata nyumbani kwake.

"Shikamoo, Mzee Soud. Mwaka huu njooni mashariki, kwangu."

"Marahaba. Nguruwe wako magharibi. Mie nasoma nyayo tangu weye hujazaliwa."

"Basi hawa wanaokula mihogo yangu ni akina nani? Wajomba zangu?"

"Panya."

"Panya gani anang'oa mhogo na shina lake?"

"Panya wa siku hizi wanakula vizuri." Mzee Soud akaweka kofia sawa. "Bi Mwanapili, msasi haonyeshwi njia na mwanamke. Nenda kapike."

Bahati mbaya kwake, kupika ndiko kulikompa Mwanapili silaha. Mwaka juzi walikuja wanafunzi kuwatafuta paa wa Ngezi, akawapikia mpaka wakanenepa. Walipoondoka wakamwachia kamera yao moja iliyopasuka kifuniko. Ni kisanduku cha rangi ya majani makavu. Unakifunga kwenye mti, na mnyama akipita mbele yake kinampiga picha chenyewe, mchana au usiku. Memori unaichomoa, unaitia kwenye simu, unaona nani kapita.

Akaifunga kwenye mti mashariki mwa shamba, pale kichaka cha mikindu kinapogusana na mihogo. Mara ya kwanza alipata picha za jani moja likipepea, tumbili aliyetia jicho kwenye kioo kama anatafuta ndugu yake ndani, na kipaji cha uso wa Mwanapili mwenyewe. Mara ya pili hakupata kitu, kwa sababu hakuiona kamera. Ile rangi ya majani makavu ilifanya kazi kupita kiasi. Asubuhi nzima alizunguka akiitafuta, na kamera ikimpiga picha kila alipopita.

Alipoipata hatimaye, alirudi nyumbani akatoa fulana nyekundu ya kuchezea mpira aliyoiacha mumewe, akachana kipande kirefu, akakifunga kwenye mti juu ya kamera. Isipotee tena.

Hapo ndipo alipokosea. Mtu wa Pemba akikuta kitambaa chekundu kimefungwa mtini ukingoni mwa msitu, hajiulizi nani kakifunga. Anajua pana mzimu, pana mwenyewe. Mwenyewe haonekani, lakini anasikia, na anapenda mayai.

Wiki iliyofuata Mwanapili alikuta maganda ya mayai chini ya mti, chupa ya marashi, kijungu cha ubani na sahani iliyorambwa ikang'aa. Akatazama huku na huku. Akachomoa memori, akakaa juu ya mzizi, akafungua simu.

Kwanza alikuja mwanamke jirani, mikono ameiinua, midomo inakwenda. Halafu kijana mmoja na viatu vyake vya kuchezea mpira, anavisugua kwenye mti. Halafu Mwanapili akashika mdomo. Mzee Soud! Yule yule anayepiga kelele barazani kwamba mizimu ni upuuzi wa watu wasio na dini, amechuchumaa, kofia mkononi, sahani ya halua mbele yake, anaieleza kamera shida zake kama mtu aliye mbele ya daktari.

Na haja zote zilijibiwa. Kila baada ya mgeni, alfajiri, alitoka kwenye mikindu nguruwe jike, tumbo linaburuzika chini, watoto nyuma, na madume mawili yamefunga msafara. Wakala mayai. Wakala halua. Mmoja akala ubani, akapiga chafya, picha ikamshika macho yamemtoka. Kisha wote, mmoja mmoja, wakapinda kuelekea kwenye mihogo.

"Ya Rabbi," Mwanapili akasema peke yake. "Fulana ya mume wangu inaombwa riziki. Na mie niliyekaa naye nyumba moja sikuwahi kumwomba hata sabuni nikapewa."

Alicheka mpaka akalia, kisha akafungua kile kitambaa. Watu wenye haja zao si wa kuchezewa.

Siku ya wasasi kukutana, Mwanapili alikwenda barazani kwa Mzee Soud na simu mkononi. Wanaume wakamtazama kama kaingia mbuzi msikitini.

"Kuna msiba?" akauliza Abrahman, mshika nyavu.

"Msiba ni wenu mkienda magharibi. Nguruwe hawa hapa."

Simu ikapita mikono. Wa kwanza kupiga mruzi alikuwa Mabruki, mwenye mbwa. Mabruki ana mbwa wengi kuliko ndugu, na anawasikiliza mbwa zaidi.

"Yakhe, dume hili! Kama pikipiki!"

Mzee Soud aliitazama simu kwa mbali, kama mtu anayetazama bili. "Hizo picha za bara. Siku hizi picha zinatengenezwa. Leo nguruwe, kesho utatuletea simba na kipima joto mdomoni."

Wanaume wakacheka. Mwanapili hakungoja wamalize. Akaichukua simu, akasogeza kidole mara moja. Nguruwe jike, pua yake ndani ya sahani. Sahani ya bati, waridi kubwa jekundu katikati, ukingo umebanduka rangi.

"Na sahani hii nayo ya bara?"

Mabruki akainama. "Aa! Si kama ile tuliyolia futari hapa hapa kwa..."

Mzee Soud akakohoa kikohozi cha mtu mwenye kifua kikuu cha ghafla. Macho yake yalikuwa kwenye kidole gumba cha Mwanapili, kilichosimama juu ya kioo, tayari kusogeza tena.

"Sijui ya nani," Mwanapili akasema. "Niulizwe za nguruwe. Sahani zina wenyewe."

"Tutakwenda mashariki," Mzee Soud akasema haraka. "Nyayo nimeziona hata mie."

Watu walipotawanyika, alimfuata njiani. Sauti ilikuwa ya chini, ya upole, ya mtu asiyeizoea.

"Bi Mwanapili, mwanangu. Zile nyengine zifute."

"Za nguruwe sifuti."

"Za watu."

"Za watu nilizifuta siku ile ile, Mzee Soud. Haja ya mtu ni yake na Mola wake. Nimebakisha nguruwe na sahani."

Mzee Soud akasimama. "Zote?"

"Wallahi."

"Basi barazani ulikuwa ukinitisha kwa kitu gani?"

"Mie nilishika simu tu. Hofu ulikuja nayo mwenyewe."

Angeweza kunyamaza. Mtu mwengine angenyamaza mpaka msako upite. Lakini Mwanapili hakutaka mtu aje shambani kwake kwa kuogopa picha. Alitaka aje kwa sababu nguruwe wapo. Na Mzee Soud, alivyoona hana tena deni la aibu, uso ukamnyooka kama shuka lililopigwa pasi.

"Basi msako ni magharibi," akasema. "Na weye siku hiyo ukae ndani. Wanawake wananukia, nguruwe wanakimbia."

Usiku ule Hamad alipopiga kuuliza habari za shamba, Mwanapili alimwambia mihogo itapandwa. Hakumwambia vipi, kwa sababu hakujua.

Asubuhi ya msako Mzee Soud alipiga pembe, akanyoosha rungu magharibi. Wanaume wakaanza kujikokota. Mara wakasikia debe. Mwanapili alikuwa amesimama katikati ya njia ya mashariki, debe la mafuta kiunoni, mwiko mkononi, analipiga kama anataka kuliua.

"Rudi ndani!" Mzee Soud akafoka. "Utawatimua!"

"Watatimuka kutoka wapi, Mzee? Si wako magharibi?"

Mabruki ndiye aliyecheka kwanza. Akawaangalia mbwa wake. Masikio yote yalikuwa yameelekea upande mmoja, kule kwenye mikindu.

"Mzee Soud, mie macho yangu yameona," akasema. "Na hawa hawajaona picha, lakini nao hawataki magharibi. Nifanye nini, niwabebe?"

Akaziachia kamba. Mbwa wakapita wakigusa kanga ya Mwanapili, na msako bila mbwa ni matembezi. Abrahman akatupa nyavu begani akawafuata. Waliobaki wakamtazama mkuu wao, wakatazama vumbi la mbwa, wakachagua vumbi.

Nyavu zikatandazwa kwenye mpaka wa mihogo, lakini watu walikuwa pungufu, na ncha moja haikuwa na mshikaji. Mwanapili akatua debe akaishika.

"Bi Mwanapili, toka hapo!" Abrahman akapiga kelele. "Likikupiga dume, tutamwambia nini kaka yako?"

"Mwambieni nilikuwa kwangu! Toka weye ukiogopa!"

Mikindu ikatikisika. Kilichofuata kilikwenda haraka: mbwa, kelele, jike likaruka pembeni na watoto, dume kubwa likaja moja kwa moja. Wavu ukamvuta Mwanapili, magoti yakalima ardhi, viganja vikachubuka. Hakuuachia. Marungu yakalifikia dume kabla halijamfikia yeye.

Waliangusha madume yote mawili; la pili lilinasa wavuni nyuma ya la kwanza. Mizoga ya nguruwe hakuna anayetaka kuigusa, kila mmoja akawa anakumbuka ana udhu. Mwanapili akaonyesha kwa kidevu mashimo yaliyofukuliwa shambani.

"Zikeni humo. Kaburi walishaanza kulichimba wenyewe."

Mchana, wengine walipokwenda kuoga, yeye alikuwa ameshakata vipande vya miche ya mhogo, anachomeka kimoja kimoja, viganja vimefungwa matambara. Mzee Soud alitokea njiani, wavu mkavu usiotandazwa begani, akasimama mpakani. Alitazama mashimo yaliyofukiwa, akatazama mikindu.

"Jike limekimbia na watoto," akasema. "Watarudi. Wamebaki wengi."

Mwanapili hakuinua kichwa. Alikandamiza udongo kwa kisigino.

"Najua," akasema. "Na mie nimebaki."