Karejeta ka Oili Siku ya Harusi ya Mwangi

Kusema kweli hii stori mimi huikatia katikati kila mara, kwa sababu nikifika pale kwa leso za kina mama aibu inanishika mpaka masikio yanawaka, lakini kwa vile nyote mmeshaisikia nusu nusu (na ikatiwa chumvi, Ndung'u, nakuangalia wewe), acha leo niimalize mwenyewe, na mkitaka kucheka chekeni, mimi nimezoea.

Ilikuwa ile miaka ya tisini magari ya mtumba kutoka Japani yameanza kujaa, na mimi nina kaduka kangu ka dawa za mifugo hapo Ruiru, nikajipigapiga nikanunua gari ya spoti. Nyekundu! Milango miwili, taa za mbele zinainuka zenyewe ukiwasha, na kiti cha nyuma ni cha jina tu, maana mtu mzima akikaa hapo anapumua akiwa amekumbatia magoti. Nilikuwa naitoa nyumbani mpaka dukani, mahali ambapo hata kwa miguu ningefika kabla chai haijapoa, na jioni naingia nayo tena, dirisha wazi, kiwiko nje. Hiyo ndiyo spoti yote iliyofanya.

Sasa Jumamosi moja tuko kwa butchery tunangoja nyama iive, nikamwambia rafiki yangu Ndung'u nataka kuiwekea oil cooler, yaani ile rejeta ndogo inakaa mbele ya ile kubwa, oili ya injini inapitia hapo inapoa kabla irudi kazini. Nilikuwa nimeiona kwa gazeti la magari kwa kinyozi (maneno sikusoma, niliangalia picha). Ndung'u akaweka soda yake chini.

"Wewe, oili yako haijawahi hata kupata moto, na unataka kuipoza? Asubuhi ya Julai hapa Ruiru hata wewe mwenyewe unatafuta jua."

"Gari ya spoti bila hiyo kitu si ya spoti," nikamwambia.

"Gari ya kubeba dawa ya kupe?"

Watu wa meza ya pili wakacheka, na hapo ndipo nilipopotea, maana mimi ukinicheka lazima nifanye hiyo kitu hata kama roho imeshaniambia uko na ukweli. Jumatatu nikaenda kwa fundi mmoja anaitwa Njoro, jamaa wa kusema "hiyo ni kitu kidogo" kwa kila swali, akatafuta karejeta kwa gari iliyokufa huko Thika, akakafunga mbele kabisa pahali kila mtu anaona, akaunganisha na mipira miwili ya raba. Nikamuuliza, hii mipira si ni ya maji? Akasema, "Boss, maji na oili, si zote hupita tu?" Nikaona huyu mtu ana akili sana.

Mwezi huo huo ndugu yangu Mwangi alikuwa anaoa. Bibi harusi ni Nyambura wa Gitothua, na baba yake, Mzee Gathogo, hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Siku tuliyopeleka ruracio, yaani mahari, aliiangalia gari yangu pale nje, akatuangalia sisi, akasema polepole, "Nyinyi mnapenda kuonekana. Mimi natafuta watu wa kufika." Baba yangu aliinamisha kichwa. Mimi nilifikiri ni sifa.

Kanisa lilikuwa Thika, na padri alikuwa ametuonya mapema kwamba siku hiyo harusi zimepangwa moja nyuma ya nyingine, bibi harusi akichelewa wanaofuata wanaingia, na sisi tungoje mpaka wote waishe, jua litue, wageni wakae na njaa. Kwa hivyo kazi yangu ilikuwa moja tu kwa hiyo harusi nzima. Kumtoa Nyambura Gitothua nimfikishe kanisani kwa wakati. Mwangi alinishika mabega asubuhi hiyo, macho yake mekundu (hakuwa amelala), akasema, "Bro, tafadhali." Nikamwambia atulie, gari imeongezwa kitu.

Tukafika Gitothua msafara mzima. Sasa mnajua vile huwa, gate inafungwa, kina mama wa ndani wanaimba kuuliza nyinyi ni akina nani na mmekuja kutafuta nini, kina mama wetu wa nje wanaimba kujibu, wanabembeleza, wanasifu hilo boma, na gate haifunguliwi mpaka wa ndani waridhike. Mimi nikaona nisiachwe nyuma. Kila wa ndani wakimaliza mstari, najibu na injini. Vruuum! Wakapiga vigelegele. Nikaongeza. Shangazi zetu walikuwa wamenifungia maua mbele ya gari na nikayatoa nikayapeleka kwa paa, ati yanaficha karejeta.

Na kulikuwa na jamaa wa video, amebeba ile kamera kubwa ya begani. Akaniuliza hiyo kitu huko mbele ni nini. Woi, kwa nini aliniuliza! Nikashuka, nikaweka mguu kwa bampa, nikaeleza kwa kamera, kwa sauti ya mtu anayesoma habari, kwamba gari ya spoti lazima iwe na oil cooler, ikikosa hiyo ni mkokoteni umepakwa rangi. Nikarudi ndani nikaunguruma tena. Gari imesimama, upepo haipati, jua la saa nne limewaka, na karejeta kenyewe kameziba ile rejeta kubwa isipumue. Sindano ya joto ilikuwa imepanda mpaka juu. Niliiona. Nikasema moyoni, hata mimi nina joto.

Gate ikafunguliwa. Kina mama walikuwa wametandika leso kutoka mlango wa nyumba mpaka pale, safi, za kila rangi, ili Nyambura asikanyage mchanga, na Mama Nyambura amesimama mbele yao kwa gauni la rangi ya maziwa, anacheza mabega. Nikaingiza pua ya gari polepole, nikaona hapa panafaa muungurumo wa mwisho, ule wa heshima. Nikakanyaga mpaka chini.

Pwaaa!

Mpira mmoja ulichomoka, na oili ikatoka kwa mbele ya gari nyeusi tititi, ikamwagikia leso, ikamrukia Mama Nyambura kutoka kiunoni kwenda chini. Nyimbo zikakatika hapo hapo. Mtu mmoja akasema "Ngai!" na baada ya hapo mlio pekee ulikuwa ni wa matone.

"Ni... ni jasho tu ya gari," nikasema. (Mpaka leo sijui nilitoa wapi hayo maneno.)

Mama Nyambura alijiangalia, akaniangalia, akaingia ndani kubadilisha nguo, na hiyo ndiyo iliniumiza kuliko angenitusi. Watu wakaniambia niache hiyo gari, Nyambura abebwe na nyingine. Lakini Mzee Gathogo alikuwa kwa mlango, ameshika kofia, ananitazama. Nikaona nikikubali sasa, yale maneno yake ya ruracio yatakuwa ni ya ukweli. Nikasema hapana, ni kitu kidogo (nimeshakuwa Njoro), nikarudisha mpira, nikaufunga na tai yangu ya harusi nikakaza na meno. Ilibaki oili tu. Duka la oili liko mbali na muda umeenda. Nikazunguka nyuma jikoni kwa Tata Wanja, shangazi ya Nyambura, yule alikuwa anasimamia chakula.

"Tata, nisaidie na mafuta."

"Ya nini? Chapati tumemaliza."

"Ni ya kupaka mahali."

Akanipa mtungi mzima wa mafuta ya kupikia. Nikamwaga yote kwa injini.

Haya, tukatoka. Nyambura kando yangu, gauni limejaa mpaka kwa gia, mimi nabadilisha kwa kupapasa, na msimamizi wake ameumia huko nyuma na magoti yake. Tukaingia barabara ya Thika, na baada ya muda kidogo gari ikaanza kunukia. Sisemi kunuka. Kunukia, mandazi kabisa! Moshi mweupe unatoka nyuma, na magari ya msafara yananipigia honi, mimi nafikiri ni shangwe, nawarudishia honi na kupunga mkono.

Nyambura akafungua dirisha. "Shemeji, leo naolewa mimi ama inaolewa gari?"

"Tulia, tunafika."

Taa ya oili ikawaka nyekundu. Nikaifunika na kitambaa. Tukapita Juja, na pale njia ya Murera inaingilia, tai ikakatika, injini ikagonga ko-ko-ko, ikapiga kite kama ng'ombe mgonjwa, ikanyamaza. Nikajaribu kuiwasha. Nikajaribu tena. Nyambura akaweka mkono wake juu ya wangu, akasema kwa upole, "Wacha, shemeji. Wacha tu." Machozi yalinitoka, nawaambia ukweli, mtu mzima kwa suti, kando ya barabara, nikifikiria Mwangi pale madhabahuni anaangalia mlango.

Magari yote yalikuwa yamejaa watu mpaka kwa mapaja. Iliyokuwa na nafasi ni pickup ya chakula, inakuja nyuma na sufuria za mukimo na kuku, na mbele ni dereva na Tata Wanja ameshika keki, na Tata Wanja si mwembamba. Mzee Gathogo akashuka kwa gari yake. Nikangoja kutukanwa. Akavua koti, akalitandika kwa kiti kidogo cha jikoni huko nyuma ya pickup, akamnyanyua binti yake, akapanda na yeye, akashika kifuniko cha sufuria ya kuku kisipeperuke. Halafu akaniangalia nikiwa nimesimama pale.

"Panda. Kwani unataka kubaki ukionekana?"

Nikapanda, nikakumbatia mukimo.

Tulifika kanisani magari ya harusi inayofuata yakianza kuingia kwa uwanja. Padri yuko kwa ngazi, ameshika saa yake. "Bibi harusi yuko wapi?" Kutoka katikati ya sufuria Nyambura akainua mkono na maua, "Niko hapa, padri!" Akaingia kanisani ananukia kitunguu, na Mwangi alipomwona akalia kwa sauti, na hakuna mtu alimcheka. Wote walikuwa wananicheka mimi.

Gari niliuza vipuri. Mama Nyambura nilimnunulia gauni na leso zile zote nikalipa (Njoro alisema tatizo ilikuwa ni tai). Lakini ile video sikuweza kuinunua. Kaseti iliazimwa nyumba hadi nyumba, Ruiru, Thika, Wendani, watu wanairudisha nyuma pale pa Pwaaa wanaangalia tena.

Miaka michache ikapita, zamu yangu ikafika. Nilikuwa naoa Murera, karibu na pale pale, na siku ya ruracio niliacha magari yote barabarani nikawatembeza wazee wetu kwa mguu, vumbi mpaka magotini, Mzee Gathogo akiwa mmoja wao. Gate ikafungwa. Kina mama wetu wakaimba, wa ndani wakajibu, wakaimba tena, ikawa inaenda vizuri. Halafu kule ndani sauti moja ya cucu, nyanya mzee sijawahi kuona maisha yangu, ikaanzisha mstari mpya, na wenzake wakaupokea wakicheka.

Walikuwa wanauliza, kabla watoe msichana wao, huyu kijana awaambie kwanza: gari ya spoti inahitaji oil cooler ama haihitaji?

Wetu wote wakanigeukia. Mzee Gathogo akaangalia juu kwa mawingu, mabega yanamtetemeka. Nikasogea mpaka mdomo ukagusa mabati ya gate, nikasema kwa sauti kila mtu asikie, "Haihitaji, cucu."

Komeo likafunguliwa.