Niliponyonyesha Mlangoni mwa Zizi

Asubuhi ile mtamba wangu aliamka akilia na kupanda wenzake, ute unaong'aa ukining'inia chini ya mkia; alikuwa anataka dume. Nikampigia simu mtaalamu wa mifugo kule Kibaoni, aje kumpandikiza mbegu ya ng'ombe wa maziwa.

"Nakuja na pikipiki," akasema. "Dume asimguse kabla sijafika."

Baba mkwe akasikia. Akaenda kumfungua fahali wake mwenye nundu, ambaye majike wote aliowazaa, ukiwakamua, hujazi jagi. Mume wangu alikuwepo, akitazama tu kama mgeni.

Nilichemka. Kwetu baba mkwe hamsogelei mke wa mwanawe, na akimkuta ananyonyesha hugeuka. Basi nikaketi katikati ya mlango wa zizi, nikatoa ziwa, nikampa mwanangu.

Mzee akasimama ghafla na kamba yake, akageuzia uso kwenye mahindi. Fahali anavuta, kwato zinachimba udongo, na mtamba anaita mgongoni kwangu. Mtoto alishashiba. Nikambadilishia ziwa hivyo hivyo.

"Mwambie mkeo atoke!" mzee akamfokea mume wangu. "Mbegu ya kwenye mrija haina baba!"

"Mwambie baba yako," nikasema, "ndama atakuwa na baba. Asiye na baba mwenye kauli ni huyu ninayemnyonyesha."

Mume wangu akainama. Kisha akaenda, akaichukua kamba mkononi mwa mzee, akamrudisha fahali kwenye mti wake. Mimi sikuondoka mlangoni mpaka niliposikia pikipiki.