Maji ya Bwana Monitere

Honorine Chileshe alikuwa na kinyongo, na alikitunza vizuri kuliko wengine wanavyotunza kuku wao. Aliamka nacho, akauza nacho munkoyo, kinywaji chake cha mahindi, mtaani Katuba, akaenda nacho misa. Padri akihubiri habari za kusamehe, Chileshe alitazama viatu vyake mpaka mahubiri yaishe.

Kilianza shuleni, miaka ya kabla ya vita vikuu vya pili. Katika shule ya misheni aliyosoma, kila mwanafunzi alitakiwa kuitumikia jamii siku ya Jumamosi: kufagia kanisa, kuwapelekea wajane kuni, kufyatua matofali ya darasa jipya. Hakuna aliyeona ubaya. Ila aliyepanga nani aende wapi alikuwa mwalimu Symphorien, ambaye wote walimwita Bwana Monitere, kama walimu wa misheni walivyoitwa, na huyo bwana alikuwa anajijengea nyumba mtaa wa Kamalondo. Basi polepole Jumamosi za jamii zikahamia uwanjani kwake. Wavulana walichimba udongo wa kichuguu na kufyatua matofali, wasichana walibeba kichwani maji ya kuulainisha kutoka bombani. Mwenyewe alisimama pembeni, soksi kazivuta mpaka magotini. Akiona jani linaelea ndooni, alimwaga maji yote na kusema: ni machafu, rudia. Yaani maji ya kukandia udongo, jamani, yalitakiwa yawe masafi kama ya ubatizo.

Jumamosi moja mama yake Chileshe aliamka na homa kali. Baba alikuwa zamu kwenye tanuru la shaba, na nyumbani hakubaki mtu. Chileshe akaomba ruhusa. Bwana Monitere alimjibu kwamba kazi ya Mungu haina ruhusa, na asiyeimaliza asahau cheti. Msichana alikitaka sana kile cheti, akajitwika ndoo. Jioni alipofika nyumbani alikuta mama amekwisha kufa. Jirani yao Brigitte, aliyerudi kutoka sokoni na kumkuta akikata roho, alimwambia bila kuficha kwamba neno la mwisho la mama lilikuwa maji.

Hapo pangetosha kumchukia mtu maisha yote, lakini Symphorien aliongeza. Chileshe na mama yake walikuwa wa ukoo wa Mbuzi. Symphorien alikuwa wa ukoo wa Chui, na Mbuzi na Chui ni watani tangu enzi za mababu. Mmoja akifiwa, mwenzake ndiye huosha maiti, huchimba kaburi na kufanya masihara kilioni, na anachoagiza hakikataliwi wala hakikasirikiwi. Chui wote wa mtaa walikuja kumzika mama yake Chileshe, isipokuwa yule mmoja msomi. Yeye alituma neno kwamba mambo hayo ni ya washenzi. Na Jumatatu akamwuliza mfiwa, mbele ya darasa zima, kwa nini Jumamosi jioni aliondoka huku pipa la maji halijajaa. Chileshe hakurudi tena shuleni.

Akaolewa, akazaa, akahamia Katuba, akangoja. Huyo Symphorien naye akaacha ualimu, akawa karani, akanenepa kwa heshima: miwani, tai, na kadi ya Waafrika ambao Wabelgiji waliwaita wastaarabu, ambayo aliitoa mfukoni hata pasipo aliyeiuliza. Kisha, miaka ya hamsini, mama yake mzazi akafa. Ukoo huo mtu huurithi kwa mama, kwa hiyo bibi kizee alikuwa Chui halisi, na mama wadogo wakakataa katakata maiti iguswe kabla Mbuzi hawajafika. Symphorien alibisha mpaka akachoka. Mwishowe ikabidi atume watu kuwatafuta Mbuzi.

Habari zilipomfikia Chileshe alifunga kitambaa kichwani na kucheka peke yake jikoni. Ndiyo, alicheka, na mimi simlaumu.

Kwenye uwanja ule ule wa Kamalondo aliwakuta makarani wenzake Symphorien wamepanga safu kwenye mabenchi, wamevaa suti. Akapita katikati yao na kuketi kwenye kiti cha mwenye nyumba, kama watani wafanyavyo, nao wakatabasamu. Halafu akanyoosha kidole kwenye ndoo mpya iliyokuwa kibarazani.

“Mayi ya kunawisha mama haiko,” alisema. “Bwana Monitere, kamata ile ndobo. Wee njo utaenda kuchota, hapana mutu mwingine.”

Symphorien alimtolea kuku, maana watani huweza kulainishwa kwa kuku. Chileshe alisema ameshiba. Mama wadogo wakamkazia macho mtoto wao, naye akaenda bombani na tai yake, akarudi bega limelowa. Chileshe aliinama, akachungulia ndani ya ndoo, akayamwaga maji yote kwenye miguu ya Symphorien.

“Iko buchafu. Rudia.”

Uwanja mzima ulicheka, wakidhani ni utani tu. Symphorien hakucheka. Alilitambua neno lake, na kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama usoni yule mama aliyekuwa akimtuma. Akaenda, akarudi, akamwagiwa tena. Safari iliyofuata shati lilikuwa limemganda mgongoni, naye akatua ndoo na kuuliza kwa sauti ya chini ili makarani wasisikie: “Chileshe, unataka nini?”

“Sema mbele ya bantu,” alijibu. “Mama yangu alikufa akilomba nini, na mimi nilikuwa wapi?”

Ndani, mama yake Symphorien alikuwa bado hajaoshwa, na jua lilikuwa linapanda. Hakuna ambaye angemgusa kabla Mbuzi hawajakubali. Symphorien akavua miwani.

“Alikufa akilomba mayi,” alisema. “Mutoto wake alikuwa hapa, anachota ya kujenga nyumba yangu. Mimi njo nilimukatalia kwenda.”

Kicheko kilikatika. Kwenye mabenchi, kila karani akapata kitu cha kutazama chini.

Chileshe alibeba ndoo, akaingia ndani na kumwosha bibi kizee taratibu, kwa sababu hakuwa na ugomvi naye. Lakini hakuyamaliza maji. Walipokwisha kuzika alijitwika ndoo ile ile, ambayo kwa haki ya watani hakuna aliyeweza kumdai, akavuka makaburini hadi upande wa makaburi ya zamani. Huko akapiga magoti kando ya kaburi moja na kumimina yaliyobaki, polepole, upande wa kichwa.

“Mama, kunywa,” alisema. “Njo yeye alichota.”